Ghala la taifa, watoto wafupi: kwa nini Iringa, Njombe na Rukwa zinaongoza kwa udumavu?

Mlima Udzungwa (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu.

Uzi huu nimeuweka moyoni muda mrefu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji kimoja cha Mkoa wa Iringa, huu mwaka wa tisa. Natembea nyumba kwa nyumba, nafuatilia wajawazito, nakumbusha kliniki, napima watoto siku ya afya na lishe ya kijiji. Sina shahada. Ninachokiandika nimekiona kwa macho, na takwimu ni zile za tafiti za taifa ambazo kila mtu anaweza kuzisoma.

Mikoa inayojaza maghala ya chakula ya nchi hii ndiyo yenye watoto waliodumaa kuliko mikoa yote. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Iringa ni 56.9. Njombe 50.4. Rukwa 49.8. Wakusanye watoto kumi wa mtaa mmoja hapa kwetu, watano au sita ni wafupi kwa umri wao.

Na hapa hakuna njaa. Wakati wa mavuno malori ya mahindi yanapishana barabara ya Makambako, viazi vinaoza shambani kwa kukosa mnunuzi, maharage yamo, parachichi zimejaa. Ukiingia nyumbani unakuta gunia limesimama kwenye kona, na mtoto wa miaka miwili amekaa kando yake kimo cha mtoto wa mwaka na kidogo.

Kinachoniumiza zaidi ni mwelekeo. Mwaka 2015/16 Iringa tulikuwa 41.6. Mwaka 2018 tukawa 47.1. Mwaka 2022 tukafika 56.9. Nchi inashuka, sisi tunapanda. Rukwa wenzetu walikuwa 56.3 mwaka 2015/16, wameshuka, bado wako juu lakini wameshuka.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 hawakufikisha miaka 5. Mwaka 2022 ni 43. Vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, utafiti wa 2022 ukasema 104. Watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 14.8, wakafika 8.1. Haya ni mambo makubwa, na mimi niliyekuwa nikienda mazishi ya watoto kila masika nayaheshimu sana.

Nimejiuliza miaka yote hii: nchi iliyoweza hilo inashindwaje na kimo cha mtoto? Jibu langu ni hili. Vifo tumevipunguza kwa vitu vinavyokuja kwenye boksi. Chanjo, chandarua, dawa ya mseto ya malaria, ORS ya kuharisha, matone ya vitamini A. Vikifika zahanati na muuguzi akavitoa, kazi kubwa imekwisha. Kimo hakiji kwenye boksi. Kinajengwa kila siku kwa siku elfu moja, tangu mimba inatungwa mpaka mtoto anatimiza miaka miwili, na anayekijenga ni mama aliyetoka shamba saa kumi na moja jioni na kuni kichwani.

Tumejua kumzuia mtoto asife. Kumkuza hatujajua.

Nitaendelea chini, ila nianze na kitu kimoja wazazi wengi hawakijui. Kadi ya kliniki tunayoitazama kila mwezi inaonyesha uzito kwa umri. Mtoto mfupi aliyejaa kiasi anaweza kukaa kwenye kijani, rangi ya uzito mzuri, mwezi baada ya mwezi, mama anarudi nyumbani na furaha. Mwaka juzi nilikuwa na mtoto wa namna hiyo, wa jirani yangu. Kijani tupu. Siku tuliyomlaza kwenye ubao wa kupimia urefu akakutwa chini kabisa. Mama yake aliniuliza, "Sasa hii kadi ilikuwa inaniambia nini muda wote?" Sikuwa na jibu la haraka.

Shikeni namba hizi: mtoto wa kiume aliyetimiza miaka miwili, akisimama wima, asipofika sentimita 81 amedumaa. Wa kike ni kama 79.

---

Msafiri wa Nyanda

Mkuu asante kwa uzi. Ila niulize bila kumkwaza mtu. Sisi Wahehe na Wabena si watu warefu. Babu yangu alikuwa mfupi na alilima mpaka miaka themanini. Hivyo vipimo si vya Wazungu? Mbona tunawapima watoto wetu kwa rula ya watu wengine?

---

Mlima Udzungwa

Swali zuri mzee wangu, naulizwa hilo karibu kila kikao cha kijiji.

Vipimo vinavyotumika vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006. Kabla ya hapo dunia ilitumia vipimo vya watoto wa Marekani, na malalamiko yalikuwa hayohayo yako. Kwa hiyo wakaenda kupima watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichagua familia ambazo mama havuti sigara, ananyonyesha inavyotakiwa, mtoto anakula vizuri na anatibiwa. Watoto wa Accra, New Delhi na Oslo walikua karibu sawasawa mpaka miaka 5. Tofauti za ukoo zipo, lakini ni kati ya mtoto na mtoto, haziwezi kuwashusha nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Halafu mzee wangu, ukoo haubadiliki ndani ya miaka saba. Sisi tumetoka 41.6 mpaka 56.9 kwa miaka saba tukiwa Wahehe walewale.

---

Binti Makambako

Mimi ni muuguzi, kituo cha afya sikitaji. Naomba niongeze la wajawazito kwa sababu watu wanaanzia kwenye uji wakati safari ilishaanza.

Watoto wengi tunaowapokea leba wanazaliwa tayari wako nyuma. Kwa utafiti huohuo wa 2022, wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 mpaka 19 wameshaanza kuzaa au wana mimba. Binti wa miaka 16 mwili wake mwenyewe bado unakua, anagombea chakula na mtoto aliyemo tumboni. Na wanawake kama 42 kati ya 100 wana upungufu wa damu. Vidonge vya damu tunatoa, lakini wanaanza kliniki mimba ina miezi mitano, sita. Wengine wanavihifadhi kabatini kwa sababu vinawachafua tumbo na hakuna aliyewaeleza wavimeze baada ya kula.

Kazi pia. Mjamzito wa huku analima mpaka wiki ya kujifungua. Nimepokea mama aliyeshikwa na uchungu akiwa anapalilia. Siku ya kumi na nne baada ya kujifungua nikamkuta njiani na jembe, mtoto mgongoni.

---

Mlima Udzungwa

Dada umegusa penyewe. Ngoja niseme la uji sasa.

Mtoto wa miezi minane, kilo nane, tumbo lake linabeba kama robo lita. Kikombe kimoja. Sasa mwekee kikombe cha uji mwepesi wa sembe, maji mengi, sukari kijiko. Ameshiba na halii, bibi anafurahi. Lakini ndani ya kile kikombe kuna nguvu kidogo, protini kidogo, chuma karibu hakuna, zinki karibu hakuna. Mama amekwenda shamba la mbali saa kumi na mbili asubuhi, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka tisa, na chupa ya uji huohuo ndiyo ya kutwa nzima. Kwa umri huo anatakiwa kula mara mbili mpaka tatu kwa siku juu ya kunyonya, na akifika miezi tisa mara tatu mpaka nne, chakula kizito, chenye maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai, mafuta kidogo, mboga.

Vitu hivyo vipo kijijini. Mayai nayaona, yanauzwa ili kununua sukari na sabuni. Maharage yamo ndani ya gunia yakisubiri bei. Kupika mara nne kunahitaji mtu aliye nyumbani, kuni na maji. Ndiyo maana nikisikia afisa anasimama kwenye mkutano kuwaambia akina mama wetu "mna chakula, hamna elimu" nakasirika. Elimu wanayo. Wengi wananitajia makundi ya chakula kama wimbo. Muda ndio hawana.

---

Mkulima wa Laela

Rukwa tunawasalimu. Kwetu hali ni hiyohiyo, na mimi nitasema la wanaume maana wengi wanalikwepa.

Mahindi yakiuzwa, pesa inashikwa na nani? Kwetu ni baba. Nimeuza gunia nyingi maishani na naungama hapa, miaka ya nyuma pesa ya mavuno ilikwenda kwenye pikipiki, bati na pombe, na sikuwahi kujiuliza mtoto wa miezi kumi anakula nini. Kwangu yule alikuwa mtu wa mama yake. Mtoto wangu wa tatu ndiye tuliyeambiwa amedumaa. Alipozaliwa wa nne nilianza kubakiza debe mbili za maharage ambazo haziuzwi kwa bei yoyote, na kuku watano ambao mayai yao ni ya mtoto. Mke wangu akiwa na mimba nilichukua kazi ya maji. Wa nne ana miaka mitano sasa na anakaribia kumfikia wa tatu kimo, wamepishana miaka mitatu.

Sisemi kuwa hii ni sayansi. Nasema nilichokiona nyumbani kwangu.

---

Bomba la Kijiji

Wakuu mnasahau choo na maji. Mtoto anatambaa chini, anaokota kinyesi cha kuku, anaharisha kila mwezi. Hata umpe mayai kumi yatapita tu. Serikali ijenge vyoo na kuleta maji ya bomba, udumavu utaisha.

---

Msomi wa Mkwawa

Mkuu Bomba, nakuunga mkono kwamba maji na vyoo ni haki ya kila kaya. Lakini tusiahidi kisichothibitika. Miaka ya karibuni zimefanyika tafiti kubwa tatu za majaribio kuhusu jambo hilihili: Bangladesh, Kenya na Zimbabwe. Kaya zilipewa vyoo bora, sehemu za kunawia mikono, dawa ya kutibu maji, zikalinganishwa na kaya ambazo hazikupewa. Matokeo yalitoka mwaka 2018 na 2019. Kimo cha watoto hakikubadilika kwa sababu ya vyoo na kunawa. Walioboreshewa chakula waliongezeka kidogo tu, kidogo sana.

Tafsiri ya watafiti wengi ni kwamba choo cha shimo na ndoo ya kunawia havitoshi kuondoa uchafu pale mtoto anapotambaa. Unahitaji maji mengi ndani ya nyumba, sakafu inayosafishika, mifugo iliyotengwa. Yaani maisha yenyewe yabadilike.

Na kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Hiyo ni dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku kwenye uji wa mtoto inachunguzwa kama nayo inazuia kukua. Mahindi yasiyokauka vizuri yasiingie kwenye unga wa mtoto, hilo halihitaji kusubiri utafiti.

---

Mlima Udzungwa

Asante sana Msomi. Hayo majaribio matatu yalinivunja moyo nilipoyasikia kwenye semina, baadaye yakanisaidia. Niliacha kutafuta kitu kimoja cha kulaumu.

Ngoja niwarudishe nyuma maana vijana wengi wa mkoa huu hawaijui historia yao wenyewe. Mwaka 1983 ulianzishwa hapa Iringa mpango wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ukaanza na vijiji 168. Watoto wote wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu. Matokeo hayakwenda kulala kwenye faili la wilaya. Yalisomwa mbele ya kamati ya kijiji, mtoto kwa mtoto, kisha kijiji kinajiuliza: kwa nini huyu, tunacho nini cha kufanya, nani afanye. Vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto wakati mama yuko shamba, vikapewa chakula kutoka shamba la kijiji. Utapiamlo mkali ulishuka kutoka kama asilimia 6 mpaka chini ya 2 kwa miaka michache.

Ule mchoro wa vyanzo vya utapiamlo ambao UNICEF iliutangaza duniani mwaka 1990, unaofundishwa vyuoni mpaka leo, wenye chakula, malezi na huduma za afya, ulikomaa kwenye vijiji vyetu hivi. Dunia nzima ilijifunza kwa watoto wa Iringa. Na leo Iringa ndiyo ya mwisho.

Nimeongea na wazee waliokuwa kwenye kamati zile. Nimebaki na mambo mawili. La kwanza wamenitajia wao: fedha za mradi zilipokwisha vile vituo vya kulelea watoto vilikufa, kwa sababu vilibaki juu ya kujitolea kwa akina mama wachache. La pili nimeligundua mwenyewe kwa kutazama madaftari: walipima uzito, hawakupima urefu. Mtoto aliyekonda alionekana na akaokolewa. Mtoto mfupi hakuonekana wakati ule, na haonekani hata sasa.

---

Mchumi wa Mtaa

Mimi nitoe angalizo la hesabu. Watu wanafurahia asilimia kushuka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini karibu nusu ya watoto wa nchi hii walikuwa wamedumaa, sasa ni 30. Sawa. Lakini sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 23, ya 2022 imehesabu 61,741,120. Watoto wa chini ya miaka 5 ni kama mmoja katika kila watu sita. Asilimia 30 yao ni karibu watoto milioni 3. Piga hesabu ya miaka ya tisini uone, vichwa havikupungua. Asilimia inashuka, foleni inabaki ndefu ileile au inazidi.

Kila halmashauri iliagizwa itenge angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kwa ajili ya lishe. Wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe. Shilingi elfu moja kwa mwaka mzima, na hata hiyo kuna mahali inatengwa kwenye makaratasi na haitoki.

---

Binti Makambako

Na msidhani hasara ni kimo tu. Mtoto aliyebanwa tumboni na utotoni, akija kupata uzito ukubwani, mwili wake unashindwa kuubeba vizuri. Presha na kisukari vinampata kirahisi. Utafiti wa taifa wa 2012 kwa watu wa miaka 25 mpaka 64 ulikuta mmoja kati ya wanne ana presha ya kupanda, na karibu mmoja kati ya kumi na moja ana kisukari. Kwenye kituo chetu wodi moja ina mtoto wa utapiamlo na bibi yake wa kisukari kitanda cha pili. Dirisha la dawa ni lilelile, bajeti ileile.

Na mabinti waliodumaa ndio wanaokuja kwetu na nyonga nyembamba, uchungu siku mbili, halafu upasuaji. Wakijifungua salama, mtoto anazaliwa mdogo. Tunaanza upya.

---

Mama Wawili

Samahanini kuingilia, nimesoma tangu jana usiku. Nipo Mafinga. Baada ya kusoma ile namba ya sentimita 81 nimempima mwanangu wa kiume, ametimiza miaka miwili wiki iliyopita. Nimemsimamisha ukutani nikaweka kitabu kichwani, nikapata 79 na nusu. Nimepima mara tatu. Kadi yake ni kijani siku zote. Nimelia. Je, nimeshachelewa?

---

Mlima Udzungwa

Dada yangu, pole, na usijilaumu. Umefanya kitu ambacho wengi hatukifanyi.

Kwanza, kipimo cha ukutani kinaweza kukosea sentimita moja au zaidi. Nenda zahanati, waombe ubao wa urefu, waombe wapime mbele yako watu wawili, mmoja ashike miguu na mwingine kichwa. Kama ubao uko stoo umeegeshwa nyuma ya mabomba, omba utolewe. Una haki hiyo.

Pili, sitakudanganya. Kimo kilichopotea kabla ya miaka miwili kwa sehemu kubwa hakirudi chote. Lakini kuna watoto wanaopunguza pengo, na akili yake inaendelea kujengeka. Mpe yai kila siku ukiweza, au dagaa au maharage kila siku, mafuta kijiko kwenye chakula chake, bakuli lake peke yake umwone akilimaliza. Ongea naye, cheza naye, mwimbie wakati wa kula. Akiharisha usimpunguzie chakula, mpe ORS na zinki. Zahanati wapime damu na minyoo.

Tatu, umeandika Mama Wawili. Mdogo ana umri gani?

---

Mama Wawili

Mdogo ana miezi mitano. Ananyonya tu. Mama mkwe ananiambia nianze uji kwa sababu analia usiku.

---

Mlima Udzungwa

Usianze. Mpaka miezi sita kamili, ziwa tu, hata maji asipewe. Kulia usiku kuna sababu nyingi, na akinyonya zaidi maziwa yataongezeka. Mama mkwe mshirikishe kwa heshima, mpeleke naye kliniki asikie kwa muuguzi, maana yeye ndiye atakayebaki na mtoto ukienda shamba. Wiki mbili kabla hajatimiza sita, niandikie hapahapa tupange chakula chake cha kwanza kutokana na vilivyomo ndani kwako.

Na huyu mdogo umpime urefu leo, uandike pembeni ya kadi kwa kalamu, tarehe na sentimita. Mwezi ujao umpime tena.

---

Mkulima wa Laela

Mama Wawili, baba watoto asome uzi huu.

---

Mama Wawili

Anausoma sasa hivi. Amenyamaza. Ameniuliza dagaa wa Nyasa wanauzwa siku gani gulioni.